Aliyekuwa Ananilisha Vyakula vya Dunia

Kuna mwanamke ofisini kwetu alikuwa na tabia moja ya ajabu. Akirudi safari ananiwekea chakula mezani, anavuta kiti, ananikodolea macho mpaka nimeze.

Yeye hali. Hata kijiko hagusi.

Halafu anauliza, "Enhe, ikoje?"

Miaka miwili mizima tulikwenda hivyo. Sitawaficha, nilikuwa simpendi hata kidogo.

Kampuni yetu inawapangia watu safari za nje. Mteja akitaka kwenda mahali, tunampa tiketi, hoteli na kurasa za ushauri: avae nini, asalimie vipi, ale nini na wapi. Yule mama ndiye aliyekuwa anatumwa kwenda kuona. Mimi nakaa ofisini, kwenye meza iliyobanwa kati ya kabati la mafaili na mashine ya maji ya kunywa, nazipanga habari zake ziwe kurasa. Sehemu ya vyakula tu ndiyo aliyokuwa anaiandika mwenyewe na kumpelekea bosi mkononi.

Nilimpa jina, Kiguu na Njia. Mbele yake nilimwita dada.

Sasa niulize chochote kuhusu dunia hii. Japani usiache bakshishi mezani, na vijiti usivichomeke wima kwenye wali. Georgia usikimbilie glasi yako kabla mkuu wa meza hajamaliza hotuba yake, na anaweza kuchukua muda. Meksiko wana mchuzi mzito wa pilipili uliotiwa chokoleti.

Yote nayajua. Na pasipoti yangu haina muhuri hata mmoja. Ya kwanza iliisha muda ikiwa mpya kabisa, nikaenda kukata nyingine.

Kila mwaka naandika barua ya kuomba nitumwe. Kila mwaka bosi anasema, "Tutaona."

Wakati mimi nasubiri kuonwa, Kiguu anaingia Jumatatu na begi lake la magurudumu, skafu mpya shingoni, anasalimia kuanzia mlinzi wa getini.

"Jamani, miguu yangu mimi," anasema.

Miguu yake. Ya kwangu ilikuwa inakufa ganzi kwa kukaa.

Siku moja alileta jibini la kahawia kutoka Norwe. Akakata kipande chembamba, akaniwekea kwenye kisahani.

"Enhe, ikoje?"

"Kama maziwa yaliyochemka na sukari mpaka yakashika sufuria," nikasema. "Chumvi ipo, ila kwa mbali."

Akaandika kwenye kidaftari. Wiki ile ile ukurasa ukatoka. Maneno yangu, moja baada ya jingine, na juu yake jina lake.

Roho iliniuma jamani. Nilikwenda nyumbani nikamwambia dada yangu, tumbo moja kabisa.

Dada akacheka. "Mdogo wangu, unalishwa vyakula vya dunia nzima bure, halafu umenuna?"

"Anaiba maneno yangu."

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Kwamba kanilisha?"

Sikumwambia. Nikaendelea kula na kununa.

Basi ikaja habari ya Japani. Kampuni inafungua safari mpya huko, na mtu mmoja atakwenda kukaa wiki tatu, kijiji hadi kijiji, anakula na kuandika. Kiguu alikuwa ametoka huko karibuni kwa siku chache tu, kufungua njia. Hii sasa ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Niliitaka mpaka nikawa naiota. Nilipeleka barua ya kurasa mbili, nikavaa na viatu vya heshima.

Siku mbili baadaye nikamwona Kiguu anatoka kwa bosi, faili la Japani kwapani, anacheka mwenyewe.

Nikajua imekwenda. Sikula mchana ule.

Kesho yake akanijia na kichupa. Ndani mna vitunda vyekundu, vidogo, vimenyauka. Akaniambia bibi mwenye nyumba ya wageni huko milimani alimpa akiwa ameshapanda gari, na hawakuwa na lugha ya kuelewana.

"Najua yapo ya asali na yapo ya chumvi," akasema. "Maandishi siyasomi. Onja basi uniambie haya ni yapi."

Nikajisemea, kwani yeye hana mdomo? Anataka kunirusha roho mpaka lini?

Nikatia moja kinywani.

Taya zilikaza zenyewe. Machozi yakanilenga. Sijawahi kula kitu kichachu namna ile, na chumvi yake ilinipanda mpaka masikioni. Lakini nilikaza uso nikameza, kwa sababu nilikuwa nimeshaona njia.

"Ya asali," nikasema. "Laini, tamu kama tende. Watoto watayapenda kama peremende."

Alinitazama kidogo. "Una hakika?"

"Kabisa, dada."

Akaandika taratibu, anatabasamu. Nami nikasikia raha ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. Iba sasa, nikawaza. Iba uumbuke.

Siku ya nne bosi akatuita, Kiguu na mimi. Kichupa kipo juu ya meza yake. Akausoma ukurasa kwa sauti mpaka kwenye tende, akachukua tunda moja, akalitia lote mdomoni.

Alilitema kwenye tishu. Akanywa maji glasi mbili bila kupumzika.

"Tende," akasema.

Nilimwangalia Kiguu. Nilikuwa nimejiandaa hata na uso wa kumsikitikia.

Bosi hakumwangalia yeye. Alinisukumia mimi ile karatasi. "Soma jina la mwandishi."

Lilikuwa jina langu.

Nikalisoma tena. 

"Ameniambia wiki iliyopita," bosi akasema, akamgeukia Kiguu. "Mwambie na yeye."

Kiguu alikuwa anaangalia magoti yake. "Mwenzangu, mimi sisikii ladha ya kitu chochote. Ile homa ya mwaka juzi iliniacha hivi. Sukari, chumvi, pilipili, kwangu vyote sawa na maji. Niliogopa kusema, ningetolewa kwenye kazi. Nikawa nakula kwa maneno yako wewe."

Nikakosa pa kutazama.

"Alikuja kusema kazi hii ni yako," bosi akaendelea. "Akaomba Japani uende wewe. Nikamwambia sawa, aniletee ukurasa mmoja wenye jina lako, niuoneshe kwa wakubwa. Huu ndio ukurasa." Akaniinamia. "Ulikosea au ulidanganya?"

Nikisema nimekosea, ulimi wangu haufai. Nikisema nimedanganya, mimi mzima sifai. Safari ilikuwa imeshanitoka kwa majibu yote mawili.

"Nilidanganya," nikasema. "Nilidhani ananiibia."

"Kwa nini hukuniambia mapema?" nikamgeukia Kiguu, eti bado natafuta wa kulaumu.

"Nilitaka kwanza bosi akubali," akasema. "Usije ukafurahi halafu ikavunjika."

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo sana.

"Na vile vingine vyote, miaka miwili? Uliniambia kweli?"

"Kweli tupu, dada. Nakuapia."

"Sasa nitajuaje?"

 

Japani alikwenda dada wa mapokezi, mtu ambaye hajawahi hata kuandika barua ya kuomba. Kiguu amehamishiwa ofisini, meza yake inatazamana na yangu. Tunasalimiana vizuri. Mchana anakula chakula chake chote, polepole, na haniulizi ikoje.

Wewe unayesoma hapa, kama umemkazia mtu macho kazini kwako, unajua kila kitu kinachokwenda kwake, nikuulize kitu kimoja. Umewahi kumuuliza? Mimi nilikaa na mtu miaka miwili, naona kila anachokula na asichokula, na sikumuuliza hata siku moja, dada, mbona huli? Wivu wangu haukuchukua kitu chake chochote. Ulichukua safari yangu, na ukachukua ladha zote nilizokuwa nimempa.