Udongo wa Upande wa Mjomba

Mchora ramani mmoja alikuwa na mkono uliotulia kuliko wote pale ofisi ya mipango miji. Ndiyo maana kitongoji chao kilipoanza kufurika watu, na ikaamuliwa kipangwe upya, kazi ya kuchora barabara kuu alipewa yeye.

"Pitisha kwenye nyumba chache," mkuu wake alimwambia. "Basi."

Upande wa mashariki zilikuwa nyumba nne, magharibi sita. Hesabu haikuhitaji kalamu. Lakini moja ya zile nne ilikuwa ya mjomba wake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mchora ramani alizunguka na kipimo chake siku mbili, akarudi, akaandika: mashariki udongo ni chepechepe, haufai barabara. Mstari akaupeleka magharibi. Hakuna aliyemuuliza.

Ramani ilibandikwa kwenye darasa moja la shule ya pale kitongojini, watu wakaitwa waione. Fundi cherehani, mama mmoja mjane wa upande wa magharibi, alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Mwanangu, mimi nakaa wapi hapa?"

Akamwonyesha kwa kidole. Kidole kikaangukia katikati ya barabara.

Mama akarudi nyuma hatua moja. "Haya. Kama mmepima mkaona kule kuna maji, sisi ni nani tubishe? Ahsante kwa kunielewesha."

Ile ahsante ilimfuata mchora ramani mpaka nyumbani. Mkewe akimsemesha, anajibu jambo jingine kabisa. Mjomba naye alimpigia simu akicheka, "Tumeponea chupuchupu, mjomba wangu!" Akamjibu kwa kikohozi.

Zikiwa zimebaki siku tisa za kupokea pingamizi, alikwenda kwa yule mama. Alimkuta akipinda sare za shule.

"Mama, andika pingamizi. Sema kule hakuna maji."

"Wewe umejuaje?"

"Aliyeandika yapo ni mimi. Kuna nyumba ya mjomba wangu."

Cherehani ikasimama. Mama akamtazama mpaka akainamisha macho.

"Na mjomba wako anajua?"

"Hajui."

"Nenda kamwambie. Asije akalisikia kwangu."

Alikwenda siku hiyohiyo. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu: "Sasa ulinidanganyia nini, kama ungekuja kunivunjia mwenyewe?" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake mchora ramani aliweka barua ya kukiri uongo wake mezani kwa mkuu wake. Wapimaji wengine walitumwa, wakakuta udongo mkavu kama tofali. Barabara ikahamia mashariki. Yeye alisimamishwa kazi miezi sita, kisha akarudishwa kwenye chumba cha majalada, kalamu za ramani wakapewa wengine.

Nyumba sita zilibaki. Fundi cherehani humwitikia salamu vizuri tu, ila hamkaribishi kiti.

Mjomba alilipwa fidia, akapata kiwanja mbali kidogo. Siku ya kubomoa, mchora ramani alifika asubuhi bila kuitwa, akapanda juu ya paa kung'oa misumari. Walifanya kazi mpaka jua likapinduka, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Bati la mwisho lilikuwa refu, mjomba hakuliweza peke yake.

"Shika huko," alisema, bila kumtazama. "Taratibu, lina makali."