Siku Niliyomkana Babu Seremala

Baba yake mama alikuwa seremala, Mfaransa. Alizaliwa Bukini, yaani Madagaska, wakati Wafaransa wakiitawala, akaja Unguja bado kijana kufanya kazi ya milango na makabati, akasilimu, akaoa, akazikwa hukohuko. Mama hakuwahi kulificha hilo. Aliyelificha ni mimi. Hapa Maskati tulikohamia, tangu niko skuli, kila nilipoulizwa mama katoa wapi macho yale ya kijivu, nilijibu kuwa babu alikuwa Mturuki. Mturuki ilisikika vizuri. Mfaransa aliyesilimu, tena fundi wa mbao, niliona ananishusha.

Mwaka jana, wiki chache kabla ya harusi ya binti yangu, mzee mmoja wa Kifaransa alinipigia simu. Kwa Kiingereza cha taratibu alinieleza kuwa ni mwalimu mstaafu, na babu yake alikuwa na ndugu seremala aliyehamia Unguja, barua zake zikakatika. Alikuwa akiwatafuta wazawa wake. Namba yangu alipewa na binamu yake mama aliyebaki Unguja. Angepita Maskati siku mbili.

Upande wa bwana harusi ni watu wa kuuliza asili. Nikaona bora nimuone mwenyewe, nilimalize.

Tulikutana asubuhi kwenye mkahawa wa mtaa wa Matrah. Alikuwa kavaa tai katika joto lile. Akanitandazia nakala za barua mezani. Pembeni mwa mojawapo palichorwa kigoda cha miguu mitatu, kimenakshiwa kuti la mnazi.

"Hapa anasema kamtengenezea binti yake," alinifasiria. "Mama yako hana kitu kama hiki?"

Mama hukalia kigoda hicho kila anapotawadha.

"Hana," nikasema. "Umeelekezwa vibaya. Babu yetu alikuwa Mturuki."

Alinitazama kidogo, akaniomba radhi kwa kunipotezea wakati, akazikunja barua moja moja.

Harusi ikapita. Siku chache baadaye binamu yake mama akapiga simu kutoka Unguja, na mama akaniita chumbani.

"Yule mjukuu wa ami yangu, kaja au hakuja?"

"Kaja, mama."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia nilichosema. Akasema, "Umemkana baba'angu. Na mimi nipo hai."

"Nliogopa, mama. Harusi ilikuwa karibu."

"Mpigie. Sasa hivi."

Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo ilinibidi niwe mkalimani. Yule mzee alipoitika, mama akasema, "Mwambie binti yangu alikuongopea."

Nikamwambia mzee kuwa mama anamsalimu.

"Hukumwambia," mama akasema. "Hayo maneno mafupi mno."

Nikasema yote, uso unaniwaka. Mzee akajibu kwamba alijua. Aliniona nilivyokikodolea macho kile kigoda. Hakunilaumu. Akaanza kuuliza habari za seremala, na mama akamsimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiimba kwa lugha yake huku akipiga randa, na jinsi kidole chake kimoja kilivyokatwa na msumeno. Nilifasiri saa nzima.

Mwezi uliopita mzee alikuja tena, akakaa kwetu siku nne. Siku ya tatu mkwe mwenzangu, mama wa bwana harusi, alipita kututazama bila kutoa habari. Akamkuta mgeni sebuleni na barua zake.

"Nani huyu?" aliuliza.

Kabla mama hajafungua mdomo, nilisema, "Mgeni wangu wa kazini."

Sikupanga kusema hivyo. Lilinitoka tu. Mzee hakufahamu Kiswahili, akatabasamu, akampa mkwe mwenzangu sahani ya halua. Mama aliinamisha macho kwenye kikombe chake cha kahawa.

Mzee karudi kwao. Mama huzungumza naye kila Ijumaa, lakini mimi haniiti tena. Humwita binti yangu, aje kutoka kwa mumewe, akae karibu yake amfasirie. Huufunga mlango. Mimi huwa jikoni, nasikia sauti ya mama ikisimulia mambo ambayo mimi sikuwahi kumuuliza.