Gonga Mara Moja, Breki

Kabla ya kansa, ungemsikia yeye kabla hujaliona gari. Alikuwa mwalimu wa udereva na mtaa mzima ulimwita Honi, maana akisema "breki", hata wapita njia walisimama. Wanafunzi wake walishuka garini wamelowa jasho kama vile walilisukuma. Mmoja aliwahi kuachia usukani katikati ya barabara, akaenda zake nyumbani, na tangu siku hiyo anaendesha baiskeli.

Halafu sauti ikaanza kukwaruza. Honi akasingizia vumbi, akasingizia kiyoyozi, akawasingizia wanafunzi. Daktari hakuwa na wa kumsingizia. Ilikuwa saratani ya koo, na ili mwenyewe abaki hai, sehemu inayotoa sauti ilibidi iondolewe yote.

Alipozinduka, alikuwa na tundu dogo shingoni la kupumulia na simu mkononi ya kuongelea. Ujumbe wake wa kwanza kwenye kikundi cha familia ulikuwa mfupi: "Honi wametoa. Injini wameacha." Binti yake akajibu kwa stika ya gari linalokokotwa. Mkewe, aliyekuwa kando ya kitanda akilia, alicheka mpaka akakasirika.

"Huyu mtu," akasema, "hata kulia kwa amani hanipi nafasi."

Usidhani alikuwa shujaa kila siku. Mionzi iliunguza ngozi ya shingo kama shati lililosahauliwa chini ya pasi. Chakula kikawa na ladha ya misumari. Kuna siku aliugeukia ukuta, na hakuna stika iliyomgeuza. Lakini nguvu ziliporudi kidogo tu, akajifunga skafu shingoni akaenda kudai gari lake.

Bosi wa shule ya udereva, mwanamke mkarimu ila asiyezungusha maneno, alimpa kiti na soda.

"Mwalimu, nakuheshimu sana," alisema. "Ila mwanafunzi akielekea ukutani, utamtumia meseji?"

Honi akaandika, akamwonyesha simu: "Nipe nafasi nifundishe mtu mmoja. Akifaulu, nirudishie gari. Akifeli, niweke mapokezi, nitatabasamu tu."

Bosi akakubali. Kazi ikawa kumpata huyo mtu. Mpwa wake alianza kuumwa goti ghafla. Jirani akakumbuka kwamba yeye kwa kweli hapendi magari. Ndipo mkewe akafuta mikono kwenye taulo la jikoni.

"Mimi nitajifunza."

Nyumba nzima ikamgeukia. Hawa wawili walishawahi kujaribu, zamani. Somo liliishia njia panda ya kwanza: mama alishuka, akatembea hadi nyumbani na funguo mkononi, akamwacha mumewe katikati ya foleni anatukanwa na dunia nzima.

"Mama, una uhakika?" binti akauliza.

"Siku ile nilikuwa naendesha gari na kelele kwa pamoja. Sasa hivi ni gari tu. Nafasi kama hii naiachaje?"

Honi akaandika: "Nakusikia, ujue."

"Ndiyo raha yenyewe, baba watoto. Unasikia na hujibu."

Wakatunga lugha yao. Honi alichukua mwiko wa jikoni awe anagonga nao dashibodi. Mara moja, breki. Mara mbili, badili gia. Akiukwaruza, tazama vioo. Kugonga mfululizo bila kikomo, mkewe alidai ni matusi, na mwenyewe hakukanusha.

Mwiko wa kwanza ulivunjika kwa hasira. Wa pili ulidumu, kwa sababu Honi alianza kuona vitu. Aliona kisigino cha mkewe kinatetemeka kabla gari halijazima. Aliona anavyouma mdomo kabla hajakata kona vibaya. Miaka yote alikuwa anapiga kelele kosa likishatokea. Sasa aligonga mapema, polepole, na kosa halikutokea.

Siku moja walipaki kando ya barabara wapumzike. Mkewe akaushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Na ikirudi?"

Honi hakujifanya hajaelewa. Akaandika taratibu: "Itakukuta una leseni. Utanipeleka hospitali mwenyewe, na nitakugongea njia nzima."

"Nitakushusha," akasema mkewe, akafuta macho, akawasha gari.

Siku ya mtihani, Honi alibaki kwenye benchi na bosi, mwiko mapajani. Mkewe aliondoka na mtahini, mzee mwenye miwani na faili. Kurudi nyuma, safi. Kupaki, safi. Kona zote, safi. Wakiwa barabara iliyonyooka, wanakaribia kurudi, mtahini alizama kwenye mawazo yake, akagonga dashibodi kwa kalamu. Mara moja.

Mama akatupa jicho kwenye kioo, akakanyaga breki yote. Faili likaruka. Miwani ikahamia kidevuni.

"Mama, mbele kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa tumesimamia nini?"

"Umegonga dashibodi." Akavuta pumzi. "Mwalimu wangu ni mume wangu, na kansa imemnyang'anya sauti. Akigonga mara moja, nasimama. Najua nimefeli. Niruhusu nikurudishe salama, anatusubiri."

Mtahini akarudisha miwani mahali pake. Akatazama nyuma, barabara tupu. Akachungulia nje, gari limenyooka ndani ya mstari.

"Kusimama kwa dharura nilikuwa nakuwekea mwisho," alisema. "Watu nikiwaambia wasimame, wananiuliza wapi." Akaandika kitu kwenye faili. "Basi hilo limeisha. Turudi. Na kalamu naitia mfukoni."

Mama alishuka garini na uso wa jiwe, makusudi kabisa. Bosi akainuka. Honi alibaki ameketi na mwiko wake. Mkewe akamnyang'anya mwiko, akagonga benchi mara mbili.

Badili gia.

Honi alicheka. Kicheko chake siku hizi hakina sauti, ni pumzi tu zinazopuliza skafu na mabega yanayoruka, lakini benchi zima lilitikisika. Bosi akamwekea funguo kiganjani.

"Kesho asubuhi, mwalimu. Na uje na mwiko wako, wangu siutoi."

Kwenye kikundi cha familia ujumbe ulikuwa mmoja tu: "Nimerudi barabarani. Kaeni pembeni."

Kesho yake asubuhi, mwanafunzi wa kwanza kuja alikuwa yule wa baiskeli. Akaiegemeza ukutani, akachungulia dirishani kama mtu anayepima maji.

"Mwalimu, nasikia siku hizi hupigi kelele."

Honi akarekebisha skafu, akamfungulia mlango wa dereva.