Nyasi za Paa la Mjane

Asifiwe Mungu, aliyenibakizia akili na macho hadi uzee huu, nikaweza kuandika habari za kaka yangu.

Alirudi kijijini kwetu Myamba kutoka vita vya Burma bila jeraha hata moja, ila hasemi. Alishinda kitandani akitazama ukuta. Mlango ukigongwa, aliingia uvunguni. Majirani walimwogopa. Jumbe wetu, mtu mwema, akamwambia mama, "Masika yakiisha akiwa bado hivi, tutamshusha Same apande gari moshi, apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili." Kati ya waliopelekwa huko kutoka kwetu, hatukuwahi kumwona aliyerudi.

Tulimwombea asubuhi na jioni, wala hatukumpa kazi yoyote. Tulidhani kumpumzisha ndiko kumpenda. Hata ng'ombe tuliyekuwa naye tulifikiria kumrudisha kwa mwenyewe, mjane jirani yetu, asije akamsumbua kaka. Kwetu mtu humpa mwenzake ng'ombe amtunze. Mtunzaji hupata maziwa na samadi, na baadaye ndama. Ng'ombe huyo alifungwa ndani, hatua chache kutoka kitanda cha kaka, maana milimani hapana pa kuachia mifugo. Majani hukatwa akaletewa. Mkataji nilikuwa mimi.

Siku moja homa ilinilaza, na mama alikuwa sokoni. Ng'ombe alilia njaa tangu asubuhi. Mchana nikamwona kaka anashuka kitandani, anachukua mundu, anatoka. Nilimwita, hakugeuka. Alirudi na mzigo mkubwa wa nyasi, akamwekea ng'ombe, akakaa chini kumtazama akila.

Jioni, mama alipokuwa amesharudi, mjane aliingia bila hodi. Zile zilikuwa nyasi alizozitunza kando ya shamba lake mwaka mzima, za kuezekea.

"Jamani! Ng'ombe wangu mwenyewe amekula paa langu!"

"Utusamehe, dada," mama akasema. "Huyu ni mgonjwa."

"Mgonjwa gani anabeba mzigo ule? We askari, umeona nyumba yangu ndiyo adui?"

Kaka akamwambia mjane taratibu, "Alikuwa na njaa, mama. Shikamoo."

Mama alishika mdomo. Mjane ndiye aliyewahi kujibu. "Marahaba. Kesho utanikatia nyingine."

Nilijitolea kumkatia mimi nikipona. Mjane akakataa katakata: aliyekata ndiye atakayelipa. Basi kaka akaenda. Nyasi ndefu zilikuwa mbali, makorongoni, zikamchukua wiki kadhaa, na kila akirudi alipitia majani ya ng'ombe. Mwili ukianza kumtetemeka, alimkumbatia ng'ombe shingoni mpaka atulie.

Masika yakaisha. Jumbe akaja na barua ya kumpeleka Same. Nilimwongoza hadi kwa mjane. Kaka alikuwa juu ya paa akifunga nyasi.

"Shikamoo, bibi. Nimemfuata mgonjwa," jumbe akamwambia mjane.

"Marahaba. Aliye juu ni fundi wangu. Ukimshusha, panda wewe umalizie."

Jumbe alimtazama kaka. Kisha akacheka, akaikunja barua.

Kaka hakupona kikamilifu. Mlango ukigongwa bado alishtuka, hadi alipofariki akiwa mzee, nyumbani kwake. Ila ng'ombe yule alipozaa, mjane alimkabidhi ndama yeye, si mama.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie jirani wa kukudai kazi siku utakapokosa maneno, na uvumilivu wa kumngoja mwenzako. Amina.