Mkwe wa Fundi Viatu

Jirani yetu wa Bondeni alikuwa fundi viatu, na mikono yake ilinuka gundi hata Jumapili kanisani. Mkewe alikuwa ameshafariki wakati mama mkwe wake, aliyeishi naye, alipopooza, na heshima ya mkwe haikumruhusu kumwogesha. Basi akauza baiskeli, akamlipa Wariara, mwanamke jirani, aje kumwogesha kila asubuhi. Fundi alikuwa akigonga misumari taratibu ili mgonjwa asishtuke.

Pesa za baiskeli zilipokwisha, rafiki yake Mathenge alimwambia, "Mrudishe kwao Subukia. Huyo si mama yako."

Fundi hakuinua sauti. "Alinipa binti yake, nami nikamzika. Huyu nitamtunza."

Wiki hiyo alimwachia Wariara kibanda chake cha kushonea viatu auzie mboga badala ya malipo, ndipo mama huyo akaendelea kuja. Fundi akahamishia kigoda chake nje, vumbini.