Pole Mbele ya Mtoto

Mkufunzi alikuja Tabora kufundisha walimu wa chekechea namna ya kuingia kwenye nyumba za watu. Niliposikia nilicheka. Nikamwambia jirani yangu, "Siku hizi hata kupiga hodi kunasomewa?"

"Nenda tu," akasema. "Kuna chai."

Nilikwenda kwa sababu mwalimu mkuu wa chekechea anakosoma mjukuu wangu alikuja mwenyewe kuniomba. Walitaka wazazi wachache wakae pamoja na walimu, wasikilize na wao waseme. Wazazi wenyewe wengine wako kwenye tumbaku, wengine sokoni, wengine wameshachoka kuitwa vikao. Anayepatikana ni bibi.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa. Viti vya plastiki, makaratasi makubwa yamebandikwa ukutani. Mkufunzi alikuwa mama wa makamo kutoka Dodoma, sauti ndogo, hana maringo. Alisema kazi yake si kufundisha watoto, ni kufundisha wanaowafundisha. Waache kumwita mzazi shuleni kwa kumgombeza tu. Wamfuate kwake, wakae naye, wajue mtoto anatoka kwenye nyumba ya namna gani, wamlee pamoja. Nikaona huyu si mjinga.

Kisha akawapanga walimu wawili waigize, mmoja mwalimu, mmoja mama wa mtoto. Mwalimu akafika: "Habari za leo, mama. Nimekuja tuzungumze maendeleo ya mtoto." Mama wa kuigiza akachekelea, akavuta kiti, mazungumzo yakaanza pale pale. Nikashindwa kunyamaza.

"Huyo mama hana kazi?" nikauliza. "Hana sufuria jikoni? Na hicho kiti kakitoa wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mkufunzi hakununa. Akaniambia, "Basi tufundishe wewe, bibi. Mwalimu akija kwako aanzeje?"

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini kuingia nyumba ya mtu najua. Nikasimama. "Unapiga hodi, unangoja. Unaamkia. Unakaa ulipowekwa, hata kama ni juu ya gunia. Na kama nyumba imefiwa, na wewe hujafika tangu msiba, unatoa pole kwanza, kabla ya hayo mambo yako ya shule. Mtu aje kwenye nyumba ya wafiwa aanze kunisemesha habari za kalamu za rangi! Mimi huyo namtoa nje."

Mkufunzi akaandika ukutani kwa herufi kubwa: POLE KWANZA. Akawaambia walimu kwamba kabla ya kwenda kwa mtoto wapite kwa mjumbe wa mtaa, waulize familia ile imepatwa na mambo gani. Wakaitikia wote. Alikuwemo mwalimu wa mjukuu wangu, binti mdogo, mgeni mjini, anaandika kila kitu.

Wakati wa chai mkufunzi alikuja kukaa karibu yangu. Akaniuliza nalea nani.

"Mjukuu," nikasema. "Mama yake yuko Mpanda."

Binti yangu alikuwa ameshakufa tangu masika.

Mpanda alikwenda kweli. Alipata kazi ya kupika kwenye mgahawa. Mtoto alimsindikiza stesheni, akapungiwa mkono dirishani. Huko akaugua, hakukaa sana. Alirudi kwa gari, ndani ya sanduku, hakupita hapa mjini, wakampeleka moja kwa moja kijijini kwetu upande wa Sikonge. Mtoto nilimwacha kwa jirani, hapa mtaani kwetu Chemchem. Mtoto mdogo hapelekwi kwenye mazishi, ndivyo tulivyolelewa. Niliporudi akanipokea mlangoni, akaniuliza mama yuko wapi. Nikamjibu yuko Mpanda. Na wale wa chekechea nikawaambia hivyo hivyo, maana midomo ya walimu naijua.

Hata mimi nililelewa na maneno hayo. Ukoo wetu ni wa wapagazi. Njia ya misafara ya zamani iliwachukua wanaume wa kwetu na mizigo mabegani, wengine kwenda Ujiji, wengine kushuka pwani, na wapo ambao hawakurudi. Bibi yangu akiulizwa habari za babu yake alikuwa anasema, "Yuko njiani." Alimsema hivyo mtu ambaye mifupa yake ilishaoza porini kabla bibi mwenyewe hajazaliwa. Nikiwa mdogo niliamini. Nilikuwa naiangalia barabara.

Mjukuu wangu yeye alikuwa anasikiliza treni. Honi inafika mpaka kwetu. Akiisikia anaacha anachofanya, hata kama ni kula, anavaa viatu vyake vya kwenda kanisani, anakaa kizingitini. Mimi naendelea na kazi zangu. Jua likishuka namwambia, "Si leo." Anavua viatu, anaviweka chini ya kitanda. Hakuwa analia. Angekuwa analia labda ningesema mapema.

Mwalimu alifika siku ya Jumamosi. Tulikuwa uani tunamenya karanga, mimi na mtoto. Akapiga hodi, akangoja. Akaniamkia, nikaitikia. Nikamwonyesha kigoda, akakaa. Nikasema moyoni, huyu kafundishika. Kisha akainuka tena, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa.

"Bibi, pole sana na msiba wa mama yake huyu mtoto."

Nikamminya mkono. Nilimminya kwa nguvu zangu zote anyamaze. Yeye akadhani ni uchungu. Akanishika zaidi.

"Mungu amlaze pema. Nimeambiwa mlimzika kijijini. Pole, bibi yangu, kuzika mtoto ni kazi."

Mtoto aliinua uso. "Nani kazikwa?"

Akamgeukia mwalimu wake, akamwambia polepole, kama anavyomsahihisha mtu aliyekosea jina: "Mama yuko Mpanda."

Mwalimu akanitazama. Nikasema, "Menya karanga."

Akamenya. Alimenya zote zilizokuwa kwenye ungo. Mwalimu akaomba ruhusa akaondoka, hajasema neno la shule hata moja. Baadaye honi ikalia stesheni. Mtoto aliisikia, nilimwona kichwa kikigeuka. Viatu hakuvifuata. Nikajua kaelewa.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko kilio. Alikataa kwenda chekechea, na maneno yangu akaacha kuyaamini. Nikimwambia uji una sukari, anabeba kikombe mpaka kwa jirani: "Mama mkubwa, hebu onja. Una sukari?" Nikimwambia leo ni Jumapili, anakwenda kuuliza. Nikimwambia njoo nikuogeshe, maji ni ya moto, ananitazama kwanza, halafu anachovya kidole. Jirani akaanza kuona haya. Akaniambia, "Dada, mtoto anakwenda mlango kwa mlango anauliza kama wewe ni bibi yake kweli."

Nimezika mume, nimezika na binti. Hilo nalo lilinikalisha chini.

Mkufunzi alikuja na yule mwalimu. Akakataa kigoda, akakaa mkekani. Mwalimu alianza kulia kabla hajafika mlangoni.

"Nyamaza," nikamwambia. "Mtoto atadhani amekufa mwingine."

Mkufunzi akasema, "Bibi, nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewatuma kwa mjumbe."

"Na mimi ndiye niliyesema pole kwanza. Utaomba radhi na ya kwangu?"

Akauliza, "Tangu siku ile umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu."

"Mafunzoni tunasema mtoto aambiwe kweli, kwa maneno machache, na mtu anayemlea." Akayatazama maganda ya karanga pale chini. "Kusema mafunzoni si kazi."

"Basi mwambie wewe. Si una kazi hiyo?"

"Hapana, bibi. Huyo hanijui mimi. Nikimwambia mimi, atakuwa ameipata tena kwa mgeni."

Nilikasirika. Nilitaka mtu wa kunibebea ule mzigo, na huyu mtu kasoma mambo hayo hayo, kasafiri mpaka kwangu, anakataa. Nikawaambia waende. Walipofika mlangoni mkufunzi aligeuka, akasema, "Ukitaka mtu wa kukaa tu, asiyesema kitu, niite." Sikumwita. Lakini neno lake la kuipata tena kwa mgeni lilibaki humu ndani.

Asubuhi nilimwita mtoto. Nikamwambia, "Mama yako aliugua Mpanda. Alikufa. Tumemzika kijijini. Harudi." Nikamaliza hapo, maneno mengine sikuwa nayo.

Akasimama. Akatoka akaenda kwa jirani. Nilimsikia kupitia ukuta: "Mama mkubwa, bibi anasema mama alikufa. Kweli?"

Jirani akasema, "Kweli, mwanangu."

Nilimpeleka kijijini. Tulishuka barabarani tukatembea, nimebeba kifuko cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, maana akikaa na njaa hutapika. Viatu vya kanisani alivaa mwenyewe, sikumwambia. Kaburi lilikuwa limeota majani, msalaba wa mbao umeanza kuinama. Nilitegemea atalia, nikajiandaa. Hakulia. Alizunguka kaburi lote, akauliza kichwa kiko upande gani, nikamwonyesha. Akauliza kama mvua inamfikia. Nikasema inamfikia. Nilichoka kudanganya.

Tukang'oa majani, yeye upande wake, mimi wangu. Matobolwa alikula, mawili. Tulipokuwa tunaondoka akauliza bila kunitazama:

"Bibi, wewe ukifa, nani ataniambia?"

Tulitembea mpaka barabarani nikihesabu watu. Jirani yangu ni mtu mzima kama mimi. Ndugu waliobaki watasema yuko njiani, nawajua.

Kwenye kikao kilichofuata mkufunzi aliniomba nisimulie yaliyotokea, walimu wajifunze. Nikakataa. Nikamwambia msiba wangu si somo. Karatasi yake ilikuwa bado ukutani, POLE KWANZA. Walimu wakaniangalia, wengine walishasikia. Nikasema moja tu: "Pole inatolewa. Ila kwanza mwite mwenye nyumba pembeni, umuulize mtoto anajua nini." Mkufunzi akaandika. Nikakaa.

Mtoto nilimrudisha chekechea mwenyewe, nimemshika mkono. Mwalimu wake akatoka kutupokea, bado ana aibu, hajui aweke wapi macho. Nikamwambia, mtoto akisikia:

"Mwalimu, siku nikifa mimi, usisubiri ndugu. Uje wewe umwambie, kwa mdomo wako, siku hiyo hiyo."

"Jamani bibi, usiseme hivyo. Utaishi."

"Sijakuuliza kama nitaishi. Itikia."

"Nitamwambia."

Mtoto alimtazama. "Kweli?"

"Kweli," akasema mwalimu.

Mtoto akauachia mkono wangu akaingia darasani. Jioni nikampa uji, nikamwambia una sukari. Akachukua kikombe akaenda nacho kwa jirani.