Sombe Si Kosa

Nyinyi mliokulia mtaa wa Xiaobei miaka ile Guangzhou ilipofurika wafanyabiashara wetu, bila shaka mnaukumbuka mlio wa utepe wa gundi wa kufungia maboksi. Ulitupokea tukitoka shule, ukatusindikiza mpaka ghorofa ya nane, ambako mama alipika tambi za Kichina kwa nazi ya kopo akiapa kuwa ni zile zile za Unguja. Tulicheza kombolela katikati ya marobota ya nguo. Kupatana bei kwa Kichina tulikujua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Watoto wa siku hizi ukiwatuma dukani wanaona wameonewa.

Wazazi wetu walikuwa na hofu moja, tusije tukarudi makwetu tumesahau Kiswahili. Kwa hiyo kila Jumapili alasiri Mwalimu Shomari, aliyekuwa akifundisha Tanga kabla ya kuja kununua viatu, alitukusanya sebuleni kwetu. Mezani aliweka kipande cha boksi chenye kamba. Ukitamka neno lisilo la Kiswahili sanifu, unavishwa shingoni mpaka mwenzako naye akosee.

Rafiki yangu Clarisse, Mkongo wa Bukavu, alikivaa karibu kila wiki. Jumapili moja mama alikuwa jikoni akichemsha majani ya muhogo, yaliyosafiri ndani ya sanduku la mtu na kupita uwanja wa ndege wa Baiyun salama. Harufu ikatufikia. Mwalimu akauliza kinapikwa nini.

"Sombe," akasema Clarisse.

"Kisamvu! Sombe ndiyo nini? Hicho si Kiswahili."

"Kwetu tunasemaka sombe, Mwalimu. Mama yangu anasemaka vile."

Akavishwa. Aliinamisha kichwa, akaninong'oneza kwamba harudi tena, na kwamba kuanzia kesho atasema Kifaransa tu, hata na mama yake. Niliumia, kisha nikakasirika. Mimi, binti wa Kizanzibari, nyanya naziita tungule na viazi naviita mbatata, na sikuwahi kuvishwa hata mara moja. Mwalimu alikuwa akitabasamu tu, akisema hayo ni maneno ya pwani.

Nikasimama, nikakivua kile kipande shingoni mwa Clarisse, nikakivaa mwenyewe.

"Kama sombe ni kosa, Mwalimu, basi na tungule ni kosa."

Kevin, Mkenya pekee darasani, akadai naye apewe chake, maana kwao viazi ni waru. Mwalimu akasema tumeota mapembe, akabeba vitabu vyake akaondoka.

Baba aliporudi aliniamuru nikaombe radhi. Mama alisema, "Mwanangu, mkubwa hajibiwi hivyo." Nilikubali kwamba hajibiwi hivyo. Radhi sikuomba, na mpaka leo sijaomba.

Enzi zile tulikuwa na majina matatu ya kiazi kimoja, na sote tulishiba. Leo vijana wana simu zinazowasahihishia kila neno, na kazi yao mtandaoni ni kumcheka Mkongo anavyoongea. Wacheke watakavyo. Nimeikumbuka sana sebule ile, kelele zake na watoto wake, na najua haitarudi. Lakini juzi Clarisse alinipigia kutoka Bukavu. Tukaongea saa nzima, watoto wetu wakisikiliza, yeye kwa Kiswahili cha mama yake, mimi kwa cha mama yangu.